Doa Lililokataa Kufutika

Alidhani ni uchafu wa kioo.

Katika Kenya, si nchi bali komini, mtaa mmoja wa mji wa Lubumbashi huko Kongo, fundi wa kuchomelea akienda kununua kioo cheusi cha kinyago hakichukui hivi hivi. Hukiinua juani kwanza. Kikiwa na ufa mwembamba kama unywele, au kiputo kilichosahauliwa ndani yake kiwandani, jua hukitoboa na kukiumbua papo hapo, na fundi hukirudisha bila maneno mengi. Dorine alifundishwa hivyo na baba yake, Numbi. Alifundishwa pia kwamba si kila kioo huinuliwa juani. Vile vya kazi ya kila siku ni vyepesi. Jua huvipita na kulichoma jicho bila jicho kuhisi. Ni kile cha namba kumi na nne tu, kile kizito ambacho ukikitazamia taa ya umeme unaona giza tupu, kinachoweza kulikabili jua.

Asubuhi hiyo ya Agosti, Numbi alikuwa amemtuma akachukue kimoja cha namba hiyo, maana walikuwa wameletewa mabamba mazito ya chuma kutoka migodi ya Kambove ya kukatwa. Dorine alisimama mbele ya kibanda cha muuzaji, akakiinua. Jua lilionekana kama sarafu ya kijani, tulivu, yenye ukingo safi kabisa. Karibu na katikati, chini kidogo, palikuwa na nukta nyeusi.

Akakifuta kwa ncha ya kitenge. Nukta ikabaki. Akakizungusha polepole mkononi, kwa sababu uchafu ukiwa kwenye kioo lazima uzunguke nacho. Kioo kilizunguka, nukta ikakaa pale pale. Akanyoosha kidole kuomba kioo kingine, na humo pia nukta ilikuwepo, mahali pale pale.

"Dada," muuzaji akamwambia, "unachagua kioo ao unachagua bwana?"

Watu wawili waliokuwa wakipita wakacheka. Dorine alikuwa mtu ambaye angeona afadhali abebe chuma begani mpaka uwanja wa ndege wa Luano kuliko kumjibu mtu asiyemjua. Akachukua kioo cha kwanza, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Numbi naye, alipoonyeshwa, alikifuta. Dorine alimtazama akifanya yote aliyoyafanya yeye, kwa mpangilio ule ule: kitambaa, kukizungusha, kukitazama kwa pembeni, kitambaa tena. Kisha baba akashusha mkono, akamtazama binti yake kwa macho ya mtu aliyekuta mlango asioujua katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Hii haiko uchafu," alisema.

"Hapana, Papa."

Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Jua likishapanda juu ya paa la karakana, kabla hawajawasha mashine, kila mmoja alitazama mara moja kwa muda mfupi, kisha wakaambiana walichokiona. Nukta ilikuwa inatembea. Kila siku ilisogea kidogo kuelekea ukingoni, kama mdudu anayetambaa juu ya chungwa, na nyuma yake zikaanza kutokea nyingine ndogo. Dorine hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa na furaha ya ajabu ya kuwa na kitu ambacho mji mzima ulipita chini yake bila kukijua.

Siri hiyo ilitoka siku Jeannot alipokuja kutengenezewa mguu wa kiti. Jeannot alikuwa kinyozi, na saluni yake ilitazamana na depo kubwa ya mfanyabiashara Kakule. Neno likiingia katika saluni ile, jioni linalala Kamalondo na asubuhi linaamkia Katuba. Aliwakuta wameinua nyuso juani, akauliza kama wanasubiri ndege. Kisha akamwona Dorine ameshika kioo, akaanza kumtania: huyu binti yako, Papa Numbi, siku hizi anapiga ramli? Dorine akatafuta kinyago chake akivae, lakini kilikuwa mbali.

Numbi aliliona hilo. Akakichukua kioo mkononi mwake, akajiweka mbele ya binti.

"Njo miye naliona," alisema, yaani ndiye yeye aliyeliona. "Jua iko na doa. Kila siku naliona."

Hivyo ndivyo alivyojitwisha jambo ambalo halikuwa lake.

Mwezi wa Agosti Lubumbashi huwa na vumbi jekundu na moshi. Watu wanachoma majani porini, makala, yaani makaa, yanachomwa pande zote za mji, malori ya migodi yanapita kwenye barabara za udongo, na jua huzama likiwa jekundu kabla hata halijafika chini. Katika majira hayo paneli za sola zilizo juu ya mabati hutoa nguvu kidogo. Taa inayowaka mpaka usingizi wakati wa masika, mwezi wa nane huanza kufifia bukari, ugali wa huko, ikiwa bado mezani. Kila mwaka ndivyo inavyokuwa, na kila mwaka watu wanalalamika kidogo na kusahau.

Mwaka huo hawakusahau, kwa sababu Jeannot aliwapa sababu. Mashine yake ya kunyolea, inayotumia paneli iliyo juu ya saluni, ilikuwa inakata nywele nusu kichwa na kulala. Akiwa ameshika kichwa cha mteja kilichonyolewa upande mmoja, aliwaeleza waliokuwa wakisubiri kwamba jua limeanza kuzima. Numbi, soudeur, fundi wa kuchomelea, ameliona kwa macho yake. Ni kama mbabula, jiko la makaa: kipande kimoja cha makala kikishakuwa cheusi, vingine vinafuata, na mama wa nyumba anabaki anapepea bure.

Watu walilichukua neno hilo jinsi kila mmoja alivyotaka. Wengine waliogopa, wakaombewa kanisani. Wengine walicheka, wakasema kinachozima ni macho ya Numbi, yameungua kwa moto wa kuchomelea, na sasa anaona madoa kila mahali. Na wengi, bila kuogopa wala kucheka sana, waliamua tu kwamba huu si mwaka wa kununua paneli ya sola.

Hapo ndipo Kakule alipokuja karakana.

Kakule alikuwa mtu wa Kivu Kaskazini, Munande kwa kabila, mfanyabiashara wa jumla. Alileta bidhaa kwa malori, aliomba kila asubuhi na wafanyakazi wake kabla ya kufungua depo, na neno lake lilikuwa neno. Mwaka huo alikuwa amejaza depo paneli za sola, na alikuwa amempa Numbi kazi ya kutengeneza viunzi vyote vya chuma vya kuzishikilia juu ya mapaa. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba ya Numbi.

Hakuja kwa ukali. Aliketi juu ya bomba la chuma, akapangusa vumbi kwenye viatu vyake, akaeleza kwamba watu wanarudisha paneli wakisema jua limekufa. Jumamosi asubuhi wateja wake wa jumla watakuja depo kuchukua mizigo. Angependa Numbi asimame mbele yao aseme kwamba alikosea, kwamba ni macho yake.

"Sema tu, Papa Numbi. Maneno mbili. Macho inachoka, si zambi."

"Patron, nikisema macho yangu imekufa, nani ataniletea chuma tena?"

Kakule alikuwa mtu wa haki, na aliona uzito wa jambo hilo. Lakini depo ilikuwa imejaa. Akasema kama Numbi hawezi, basi viunzi vitabidi vitengenezwe mahali pengine, kwa sababu hawezi kuuza jua kwa mkono mmoja na kulitangazia msiba kwa mkono mwingine. Akaaga kwa heshima, akaondoka.

Dorine alisikia yote akiwa nyuma ya mabamba, kinyago usoni. Alijua hesabu ya jambo hilo. Baba akikana, jina lake la ufundi linakwisha. Hakuna anayempa lango lake mchomeleaji asiyeona mshono. Asipokana, kazi inakwisha. Na baba alikuwa anaona vizuri kabisa, na doa lenyewe alilionyeshwa na yeye.

Jioni, mbele ya bukari na samaki, mama yake, Clotilde, alishauri kwamba maneno ni upepo, aseme yapite, watu watasahau. Numbi alikata tonge, akaliviringisha muda mrefu bila kulila. Akasema atasema ni macho yake.

Kesho yake mchana Numbi alikuwa amekwenda kupeleka mabamba yaliyokatwa, na Dorine alikuwa peke yake akichomelea fito za dirisha. Kwa kweli yeye ndiye aliyechomelea nyingi za kazi ndogo za karakana siku hizi. Aliacha shule akiwa darasa la tano, mwaka baba yake alipougua kifua, akaja kumshikia chuma. Kushika kukawa kusaga, kusaga kukawa kuchomelea. Wateja waliona mtu mwembamba aliyevaa ovaroli na kinyago, wakamwita kijana, na hakuwasahihisha.

Mwenye fito zile aliingia: Madame Abigaëlle, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari, mama mnene mwenye mwendo wa haraka. Alizitazama kazi, akazisifu, akageuka kwenda. Na Dorine, akiwa nyuma ya kile kioo cheusi ambako hakuna aliyeweza kumwona uso, akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza.

"Madame, jua inaweza kuwa na doa?"

Mwalimu akasimama. "Inaweza, kijana. Iko nayo mengi. Nani amekuambia?"

Dorine akachukua kioo cha namba kumi na nne, akampa. Madame Abigaëlle alikiinua juani. Aliposhusha mkono alikuwa anacheka kimya kimya, mkono mwingine kifuani.

"Miaka yote ninalichora ubaoni, ndani ya duara nyeupe, kwa chaki nyeusi—nasema nyeusi, ni makala tu," alisema. "Sikuwahi kuliona. Asante sana. Haya, vua hiyo sura ya chuma nikuone."

Dorine akakiinua kinyago. Mwalimu akamtazama, akacheka zaidi, akavuta stuli, akaketi kama mtu ambaye siku yake imebadilika.

Alieleza kwa chaki ya fundi, juu ya meza ya chuma. Jua si mpira mgumu, ni gesi inayochemka, kama bukari inavyochemka sufuriani: joto linapanda kutoka chini, linafika juu, linatoa mwanga, linashuka. Ndani ya jua mna nguvu ya sumaku. Jua linajizungusha, lakini halizunguki lote kwa mwendo mmoja. Katikati panakwenda haraka kuliko juu na chini, kwa hiyo ile sumaku inasokoteka kama kamba, mpaka sehemu nyingine inachomoza nje. Pale inapochomoza kwa nguvu, inazuia joto lisipande. Mahali hapo panapoa kidogo, na ndiyo doa.

"Kama chuma yenye sumaku inavyosukuma moto," Dorine akasema.

Mwalimu hakuelewa, na Dorine akamweleza, kwanza kwa mikono kuliko kwa mdomo. Mabamba ya mgodini huinuliwa kwa winchi ya sumaku, na mengine hubaki na sumaku ndani yake. Ukiyachomelea, moto haukai kwenye mshono. Unakimbilia pembeni kama mshumaa kwenye upepo, ingawa hakuna upepo. Baba yake alimfundisha kuhamisha koleo la waya wa ardhini, ule unaorudisha umeme kwenye mashine, mpaka moto utulie. Madame Abigaëlle alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba arudie, polepole, kwa sababu Jumatatu atalipeleka neno hilo darasani kwake na atasema limetoka kwa nani.

Kwa hiyo Dorine akathubutu kuuliza lile lililomla moyo. Madoa yakizidi, jua linafifia?

Ungedhani hivyo, mwalimu alisema, na watu wenye akili walidhani hivyo zamani. Doa kubwa likipita katikati ya uso wa jua, kweli mwanga hupungua kidogo kwa siku kadhaa. Lakini sumaku ile ile inayoleta doa jeusi huleta pia vijidoa vyeupe kulizunguka, vidogo, vilivyotawanyika, vinavyong'aa kuliko jua lenyewe, na kioo cha fundi hakiwezi kuvionyesha. Vyeusi vinatoa, vyeupe vinaongeza, na kwa mwaka mzima vyeupe vinashinda. Mwaka wa madoa mengi ni mwaka ambao jua linang'aa zaidi. Madoa yanaongezeka na kupungua kwa zamu, miaka kama kumi na mmoja hivi kutoka wingi hadi wingi. Miaka ile Covid ilipoingia, jua lilikuwa karibu tupu, safi kama sahani, na lilikuwa hafifu kidogo kuliko leo. Kidogo sana: chukua punje elfu za mahindi, ondoa moja. Hakuna jicho linaloliona hilo, wala paneli ya kinyozi.

"Sasa paneli inachokea nini?" Dorine aliuliza.

Madame Abigaëlle alipitisha kidole juu ya meza, akamwonyesha. Kidole kilikuwa chekundu kwa vumbi.

Jumamosi asubuhi mbele ya depo ya Kakule watu walikuwa wengi: wanunuzi wa jumla, wapakiaji, wapita njia, na Jeannot mlangoni mwa saluni yake, taulo begani, hataki kukosa chochote. Kakule aliomba sala fupi. Kisha akasema Papa Numbi ana neno.

Numbi alivua kofia. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Dorine, aliyekuwa nyuma yake, aliona jinsi lilivyopigwa pasi na mama yake, mistari miwili iliyonyooka mgongoni, na lile lilimuuma kuliko kitu kingine chochote: kwamba baba yake alijipamba kwenda kujishusha.

"Bandugu," Numbi alianza, "munanijua. Niko soudeur tangu bengine yenu hamujazaliwa. Sasa, hii macho..."

Hakumaliza. Aliizungusha kofia mikononi.

"Si baba," Dorine akasema.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Waliokuwa mbele waligeuka, waliokuwa nyuma hawakusikia. Jeannot akapaza sauti kutoka mlangoni: "Sema kwa nguvu, mama. Jua iko mbali, haitakusikia."

Watu wakacheka. Dorine hakuwa na kinyago, na uso wake ulikuwa wazi mbele ya watu wote hao. Akamshika baba mkono wa shati. Hakujua kama alimshika ili amzuie au ili asianguke.

"Si baba aliyeona," alisema tena, na safari hii ilifika mbali. "Njo miye naliona kwanza. Macho ya baba iko mazima. Doa iko. Na jua haiko nazima."

Kakule aliinua mkono kuwanyamazisha watu. Akamwambia aeleze.

Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye anachokijua. Akawauliza mafundi waliokuwepo kama wamewahi kuona chuma kilichotoka sasa hivi kwenye moto wa kuchomelea. Ukikitazama kupitia kioo, pale moto ulipo ni peupe, na pembeni, pale moto ulipotoka punde, ni peusi kabisa. "Sasa weka mkono pale peusi," alisema, na fundi mmoja akaguna kwa sauti, watu wakaelewa bila kuungua. Doa la jua ni hivyo. Linaonekana jeusi kwa sababu limezungukwa na moto mkali zaidi. Ungeling'oa na kuliweka peke yake angani, lingeangaza kuliko mwezi mpevu, na ni kubwa kuliko dunia yote tuliyosimama juu yake. Kisha akawaeleza sumaku, na hapo wapakiaji wa mgodini walitikisa vichwa, maana mabamba yale waliyajua. Akawaeleza vijidoa vyeupe. Akawaambia madoa yanakuja na kwenda kwa zamu, wazee wao waliishi chini yake bila kujua, na kwamba mwaka huu wa madoa mengi jua lina nguvu zaidi, ingawa ni punje moja katika elfu. Haya nilifundishwa na Madame Abigaëlle, alisema, anayetaka zaidi amuulize.

Alikisema kile alichokijua na alipofika mwisho wake akatoa kioo.

Kilipita mkono kwa mkono. Doa la kwanza lilikuwa limefika ukingoni, jembamba kama punje ya mchele, lakini mengine mawili yalikuwa yamesimama katikati, na watu walikuwa wanavuta pumzi, wanakifuta kioo, wanakizungusha. Hakuna hata mmoja ambaye hakukifuta. Kakule alitazama, akakirudisha, akaomba atazame tena. Mzee mmoja mnunuzi alisema kwa sauti ya chini kwamba ameishi miaka yote hii na hajawahi kulitazama jua usoni.

"Sawa," Jeannot akasema, hataki kushindwa. "Jua iko na nguvu. Sasa paneli yangu iko na nini?"

"Uliifuta siku gani?" Dorine akamuuliza.

Watu walianza kucheka kabla Jeannot hajajibu. Wapakiaji wakamletea ngazi ya depo na kitambaa chenye maji, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia nafasi ya kukataa, alipanda juu ya mabati yake mwenyewe, akafuta. Maji yalimwagika ukutani mekundu kama mchuzi wa mawese. Aliposhuka, akaingia saluni, na kila mtu akasikia mashine ya kunyolea ikinguruma, bila kikohozi.

"Miezi yote hii unanyoa sisi," mpakiaji mmoja akamwambia, "kumbe paneli njo ilitaka kunyolewa."

Kicheko hicho kilikuwa kikubwa na kizuri, na Jeannot mwenyewe alikuwamo ndani yake. Numbi hakucheka. Alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, machozi yakimshuka waziwazi, wala hakuyaficha. Mtu akamwambia basi kweli macho yako iko na matatizo, Papa Numbi, na alijibu kwamba ndiyo, leo yana matatizo, yaacheni. Kisha akamshika binti yake begani, akamgeuza uso kwa watu, kama fundi anavyogeuza kazi iliyokamilika upande ulio mzuri, ili kila mtu aione.

Kakule alikuwa tayari anaongea na wanunuzi. Alitaka kila paneli itakayotoka depo iende na kitambaa, na mwenye kuinunua aambiwe kuifuta. Baadaye alikuja kwa Numbi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba msamaha, bila kuzunguka, mbele ya waliokuwapo. Viunzi vibaki kwake vyote, alisema, na huenda vikaongezeka, kwa sababu masika hayako mbali na watu watataka kuwahi.

Kisha akamtazama Dorine. Ilionekana anajaribu kumlinganisha na mtu mwembamba wa kinyago aliyemwona karakana mara nyingi, aliyemsalimia kwa kumwita kijana.

"Na huyu," aliuliza, "njo nani pale kwako?"

Kwa miaka yote hiyo swali kama hilo lilikuwa na jibu moja, na lilitoka kwa Numbi: ni mtoto wangu, ananishikia chuma. Numbi alivuta pumzi ya kulijibu. Akaifunga midomo yake. Akavaa kofia, akaangalia kando, barabarani, kama mtu ambaye swali halikumhusu.

Wapakiaji walikuwa wamesimama na mizigo mabegani. Dorine aliwaona wote, kila uso, na hakuinama. Neno lile alikuwa amelisema mara elfu ndani ya kinyago, katika kelele za mashine, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuweza kulisikia.

"Miye niko soudeur," alisema.